Anayesinzia mchana, muulize usiku wake

Ndugu msomaji, kama unasoma hii saa nane za usiku na macho yako makavu kama ya samaki mnadani, tulia. Leo ni zamu yako. Na kama wewe ni wale wanaolala usingizi wa pono, soma pia, maana huenda unamcheka mwenzako bila kumjua.

Tuanzie Nkome. Ni kata ya wilaya ya Geita, kandokando ya Ziwa Victoria. Watu wa utalii wanaifahamu kama sehemu ya kupandia boti kwenda Hifadhi ya Kisiwa cha Rubondo. Wengine wanaijua kwa samaki. Usiku ambao mwezi haujatoka, mgeni akisimama ufukweni anaweza kudhani ng'ambo ya maji kuna mji. Taa zimejipanga, zinapepesuka, nyingine zinasogea taratibu. Hakuna mji wowote kule. Ni wavuvi wa dagaa wako kazini. Asubuhi wanarudi, kina mama wanaanika dagaa juani, na ikifika saa nne utawakuta wanaume wamejilaza kivulini, wengine kifudifudi juu ya nyavu.

Sasa mlete hapo ofisa aliyelala hotelini Geita mjini, akanywa chai, akapanda gari lenye kiyoyozi na kufika saa nne hiyo hiyo. Ataona nini? Ataona vijana wenye nguvu wamelala mchana. Atarudi na sentensi moja kichwani: hawa watu ni wavivu.

Hiyo sentensi ndiyo ninayotaka tuichunguze leo, kwa sababu ina historia. Kanda hii ya ziwa, kuanzia Mwanza na Geita hadi Shinyanga, ina zaidi ya miaka mia moja ya watu kuhukumiwa kwa jinsi wanavyoonekana mchana, huku wachache wakiuliza usiku wao ulikuwaje.

Mwaka 1901 madaktari wawili ndugu, Albert na Jack Cook wa hospitali ya Mengo, Kampala, walipokea wagonjwa wa ajabu. Watu wazima waliokuwa na afya zao walikuwa wanasinzia katikati ya mazungumzo, wanakonda, wanachanganyikiwa, na mwisho wanakufa. Waganda waliuita ugonjwa huo mongota, yaani kusinzia. Waingereza wakauita ugonjwa wa usingizi. Sisi kwa Kiswahili tukauita malale. Lugha tatu, na zote tatu zilitazama mchana tu.

Kilichofuata ni moja ya misiba mikubwa kabisa katika historia ya Afrika Mashariki. Inakadiriwa kuwa kati ya mwaka 1900 na 1920 watu zaidi ya 250,000 walikufa nchini Uganda, hasa Busoga, Buganda na visiwani. Mwaka 1902 daktari wa Kiitaliano, Aldo Castellani, aliona vijidudu vinavyoitwa tripanosoma ndani ya maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa. Mwaka 1903 David Bruce na wenzake wakaonyesha kwamba anayevisambaza ni mbung'o. Gavana Hesketh Bell akaamuru watu waondolewe kwenye fukwe na visiwa. Fikiria mvuvi anaambiwa aache ziwa! Aache mtumbwi, makaburi ya babu zake na shamba la ndizi, kwa sababu ya inzi.

Upande wetu, ambao wakati huo ulikuwa wa Wajerumani, alikuja mtu mkubwa. Robert Koch, yule aliyegundua kijidudu cha kifua kikuu mwaka 1882 na kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 1905. Mwaka 1906 alipita Mwanza, kisha akaenda kuweka kambi visiwa vya Sese, ndani ya eneo la Waingereza, kwa sababu huko ndiko wagonjwa walikokuwa wengi. Alitumia dawa iitwayo atoxyl, yenye sumu ya aseniki. Mwanzoni wagonjwa walipata nafuu. Kisha wakarudi kuumwa, dozi ikaongezwa, na baadhi yao wakapofuka. Walikwenda kutibiwa usingizi, wakarudi bila macho.

Lakini kitu kinachonivutia zaidi katika ugonjwa huu kilichelewa kueleweka. Baadaye sana, katika miaka ya 1980 na 1990, daktari Mfaransa Alain Buguet na wenzake waliwafunga wagonjwa wa malale vifaa vya kupima usingizi usiku na mchana. Walichokuta ni kwamba mgonjwa wa malale halali sana kuliko wewe na mimi. Ukijumlisha saa zake zote za usingizi katika saa 24, jumla haijaongezeka. Kilichoharibika ni mpangilio. Vijidudu vikifika kwenye ubongo vinavuruga ile saa ya ndani inayotenganisha usiku na mchana. Mchana anaporomoka. Usiku yuko macho.

Soma tena hapo. Ugonjwa ulioitwa wa usingizi katika lugha zote hizo ni ugonjwa wa kukosa usingizi vilevile. Usiku mgonjwa alikesha peke yake gizani, hakuna aliyemwona. Mchana akasinzia mbele za watu, na hapo ndipo akapewa jina. Tena afadhali hapa kwetu alipewa jina la ugonjwa. Afrika Magharibi, katika zama za biashara ya utumwa, Wazungu waliuita ugonjwa huu kwa jina lenye maana ya uzito wa watu weusi, kana kwamba ni tabia ya rangi ya ngozi. Mwaka 1803 Thomas Winterbottom, daktari aliyefanya kazi Sierra Leone, aliandika kwamba wanunuzi wa watumwa walikuwa wanawakwepa watu wenye tezi zilizovimba nyuma ya shingo, maana walijua hao wataanza kusinzia. Walijua ishara ya ugonjwa. Walichojali ni hasara.

Malale hayakuishia Uganda. Mwaka 1922 yalilipuka Maswa, ndani kabisa ya Usukuma, yakiwa ya aina ile kali inayoua kwa miezi badala ya miaka. Serikali ya Waingereza ilimtuma Charles Swynnerton, mtaalamu wa wanyama na wadudu, na kazi yake ndiyo ikaifanya Shinyanga kuwa makao ya utafiti wa mbung'o yaliyojulikana duniani. Walijaribu mitego, walichoma nyika kwa mpango, na maelfu ya Wasukuma wakaitwa na machifu wao kufyeka vichaka. Kwingineko magharibi mwa Tanganyika familia zilihamishwa na kuwekwa pamoja kwenye makazi mapya ili zikae mbali na mbung'o. Swynnerton mwenyewe alikufa katika ajali ya ndege mwaka 1938. Ukipita leo Shinyanga ukaona nchi ilivyo wazi, kumbuka kwamba baadhi ya miti ile ilianguka kwa sababu ya usingizi wa watu.

Mpaka hapa utasema: sawa, malale ni malale, mimi sijaumwa na mbung'o, mimi nakosa usingizi tu. Ngoja. Kuna hukumu nyingine ya usiku katika kanda hii, na hiyo haikuhitaji mdudu.

Ni macho mekundu. Mauaji ya vikongwe kwa tuhuma za uchawi ni doa la Usukuma ambalo sisi waandishi tumeliandika mpaka kalamu zimechoka. Hesabu za serikali za miaka ya 1970 hadi 1984 zilionyesha watu zaidi ya 3,000 waliuawa nchini kwa tuhuma hizo, na sehemu kubwa ya vifo ilikuwa huku kwetu. Wengi walikuwa wanawake wazee. Alama iliyotajwa mara kwa mara ni macho mekundu, na kila mtu mwenye akili anajua yanatoka wapi: miaka 50 ya kupikia kuni na kinyesi cha ng'ombe ndani ya jiko lisilo na dirisha. Ongeza jambo moja ambalo halizungumzwi. Uzee hupunguza usingizi. Bibi analala mapema, saa nane usiku yuko macho, anatoka nje, anazunguka ua, anakohoa. Katika jamii inayoamini kwamba usiku wa manane ni saa ya wachawi, mzee asiyelala anaanza kutiliwa shaka kwa kukosa usingizi tu.

Na hapa ndipo utafiti mmoja kutoka nchi yetu wenyewe unaponifanya nitikise kichwa. Toka Shinyanga uelekee mashariki, uvuke Meatu, utafika bonde la Ziwa Eyasi wanakoishi Wahadzabe, watu ambao baadhi yao bado wanaishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi. Mwaka 2017 David Samson na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafunga Wahadzabe 33 watu wazima kifaa kidogo mkononi kwa siku 20. Walitaka kujua ni muda gani kambi nzima inalala kwa pamoja. Jibu: dakika 18. Si kila usiku, bali kwa siku zote 20! Wakati wote mwingine kulikuwa na mtu aliye macho, au anayelala usingizi wa mang'amung'amu. Vijana walichelewa kulala, wazee waliwahi kuamka, na katikati wengine walishtuka na kurudia. Hakuna aliyepanga zamu. Watafiti wakasema huenda ndivyo binadamu alivyolindwa na simba kwa maelfu ya miaka: bibi asiyelala alikuwa mlinzi wa kambi.

Linganisha. Eyasi, bibi aliye macho saa nane usiku ni usalama wa wajukuu. Mwendo usio mrefu kutoka hapo, bibi yuleyule anaweza kupoteza maisha. Usingizi wake ni uleule. Kilichobadilika ni macho ya wanaomtazama.

Kulinda usiku kwa pamoja hakukuwa jambo geni kwa Wasukuma na Wanyamwezi pia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita vya Kagera, silaha zilizagaa na wizi wa ng'ombe ukawa wa kutisha. Watu wa Kahama na Nzega wakaanzisha sungusungu. Upinde, mishale, filimbi, na zamu. Sungusungu walifanya mabaya yao pia, kuna waliopigwa na kuteswa bila mahakama, na wapo waliotuhumiwa uchawi. Hilo tusilifiche. Lakini ukiliangalia kwa jicho la usingizi utaona walichokuwa wanatafuta: wachache wakeshe leo ili wengi walale, kesho wabadilishane. Mtu halali kama anasikiliza zizi. Usingizi unataka usalama kwanza, godoro baadaye.

Kumbuka hilo ukiwa chumbani kwako Sinza au Nyakato. Wewe unalinda nini usiku? Si ng'ombe. Unalinda kodi ya nyumba ya miezi sita, mkopo, ujumbe wa bosi uliosomwa na haujajibiwa. Ubongo wako haujui tofauti. Umepangwa zamu, na hakuna wa kukupokea.

Sasa tuje kwenye taa. Mvuvi wa dagaa anafanya kazi kwa kanuni moja: dagaa hufuata mwanga. Zamani ilikuwa karabai, siku hizi taa za betri na sola zimeingia. Lakini mwezi ukishakuwa mkubwa, anga lote lina mwanga na dagaa hawakusanyiki kwenye taa. Basi siku hizo za mwezi mpevu uvuvi wa dagaa husimama, watu wanashona nyavu na kulala usiku kama binadamu wengine. Kazi ngumu, hatari, yenye upepo na maji, lakini ina mapumziko yaliyowekwa na anga. Hakuna tajiri anayeweza kubishana na mwezi.

Rudi nchi kavu, kilomita chache tu, uone dhahabu ilivyo tofauti. Geita ilikuwa na mgodi mkubwa wa chini ya ardhi tangu miaka ya 1930, ukafungwa mwaka 1966. Mgodi mkubwa wa sasa ulianza uzalishaji mwaka 2000. Huko taa hazizimwi. Mitambo haina mwezi mpevu, ina zamu ya mchana na zamu ya usiku. Kwa wachimbaji wadogo wa Nyarugusu na kwingineko ni vilevile: ukiwa ndani ya duara, saa sita mchana na saa sita usiku ni giza moja. Mwaka 2007 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliweka kazi ya zamu inayovuruga saa ya mwili kwenye orodha ya vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani, na mwaka 2019 likapitia ushahidi upya na kubaki palepale kuhusu kazi ya usiku. Mtu wa zamu anarudi saa moja asubuhi, analala chini ya bati linalowaka, nje watoto wanacheza, jirani kafungulia redio. Jioni anapofoka, familia inasema pesa zimempanda kichwani. Muulizeni usiku wake.

Na sisi wa mjini tuliosoma? Tumejichimbia maduara yetu. Mechi za Ulaya za saa nne usiku. Vifurushi vya intaneti vya usiku kwa sababu ni rahisi. Simu inchi tatu kutoka puani, inawaka kama karabai, na dagaa ni sisi.

Hapa inafaa tuelewe kidogo mwili unavyofanya kazi. Ndani ya ubongo, juu kidogo ya mahali mishipa ya macho inapokutana, kuna saa. Wanasayansi watatu wa Kimarekani, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2017 kwa kueleza jinsi saa hiyo inavyozunguka ndani ya chembe za mwili. Inajirekebisha kila siku kwa mwanga unaoingia machoni. Giza likiingia, mwili unamwaga homoni ya melatonini inayotangaza usiku. Mwanga mkali ukiingia, tangazo linafutwa. Pamoja na saa hiyo kuna deni: kadiri unavyokaa macho ndivyo deni la usingizi linavyokua. Saa na deni vikikutana, unalala. Ukilala mchana saa tatu umelipa deni mapema, usiku utakuwa na saa bila deni.

Ajabu ni kwamba Kiswahili kiliweka haya kwenye saa zetu zamani. Sisi hatuhesabu kutoka katikati ya usiku, tunahesabu kutoka jua linapochomoza na linapozama. Mwaka 2015 kundi la watafiti, akiwemo Jerome Siegel wa Los Angeles, lilipima usingizi wa Wahadzabe, Wasan wa Namibia na Watsimane wa Bolivia. Hawana umeme, lakini hawalali jua likizama. Kwa wastani walilala saa tatu na ushee baada ya machweo. Kwa saa zetu hiyo ni saa tatu na ushee usiku, huna haja ya kupiga hesabu! Walilala wastani wa saa 5.7 hadi 7.1, waliamka mara nyingi kabla ya jua, na walilala joto la usiku lilipokuwa linashuka. Wenye tatizo la kudumu la kukosa usingizi walikuwa wachache sana, na Wasan na Watsimane hawakuwa hata na neno la tatizo hilo.

Lugha yetu ina hekima nyingine pia. Hatusemi tu kwamba nimelala. Tunasema usingizi umenichukua, nimepitiwa na usingizi, usingizi umepaa. Usingizi ndiye mtendaji. Anakuja, anapita, anaruka kama ndege. Huwezi kumkamata kwa mabavu. Unachoweza ni kumwandalia njia, na tabia zifuatazo ni maandalizi hayo.

Kwanza, funga saa ya kuamka, si ya kulala. Amka muda uleule hata Jumapili, na utoke nje upate mwanga wa asubuhi. Hapo ndipo usiku wa leo unapoanzia.

Pili, usibaki kitandani ukipigana. Kanuni iliyoelezwa na mwanasaikolojia Richard Bootzin mwaka 1972 bado inafanya kazi: kitanda ni cha kulala. Zikipita kama dakika 20 usingizi haujaja, inuka, kaa penye mwanga hafifu, fanya kitu cha kuchosha, rudi ukisikia macho yanazama. Usiangalie saa. Kila ukiangalia unapiga filimbi ya sungusungu kichwani mwako.

Tatu, zima karabai. Simu ikae mbali na mto, saa moja kabla ya kulala. Na kabla hujaizima, andika kwenye karatasi kazi za kesho. Ni kama kumkabidhi mwenzako zamu: karatasi itakesha badala yako.

Nne, chai ya rangi, kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu viishie mchana. Baada ya saa tano hivi nusu ya kafeini bado iko mwilini. Pombe inaleta usingizi haraka, kisha inaukatakata saa nane usiku.

Tano, kwa wa zamu: ziba dirisha kwa kitambaa cheusi, tafuta chumba chenye ubaridi, lala kidogo kabla ya zamu kuanza, na familia ielewe kwamba saa sita mchana kwako ni usiku wa manane.

Kuhusu vidonge, historia yake inatosha kukuonya. Veronal iliingia sokoni mwaka 1903, ikasifiwa, ikazoesha watu na kuua waliozidisha. Mwaka 1963 ikaja Valium, ikasifiwa kuliko hiyo, nayo ikazoesha watu. Leo wapo wanaonunua vidonge vya usingizi dukani kama wananunua peremende. Mwaka 2016 chama cha madaktari wa tiba ya ndani cha Marekani kilielekeza kwamba tiba ya kwanza ya kukosa usingizi kwa muda mrefu iwe ya kubadili mazoea na fikra. Dawa zije baadaye, tena kwa muda mfupi.

Na ukikosa usingizi siku tatu au zaidi kwa wiki, kwa miezi mitatu, hilo ni tatizo la kitabibu, nenda kwa daktari. Nenda pia kama unakoroma na kukabwa pumzi, au kama huzuni imekukaa moyoni. Na wewe unayezunguka hifadhini ukapata homa, kisha usiku ukageuka mchana, mwambie daktari ulikokuwa. Mwaka 2001 watalii kadhaa waliotembelea hifadhi zetu za kaskazini waliumwa malale. Habari njema ni kwamba zama za aseniki zinaelekea ukingoni: fexinidazole, vidonge vya kumeza vilivyojaribiwa Malawi na Uganda kwa ajili ya malale ya aina yetu, vilipata maoni ya kuidhinishwa na wadhibiti wa dawa wa Ulaya Desemba 2023.

Kesho utakwenda kazini. Kuna mmoja atasinzia kwenye kikao, pengine yule mpya, pengine mlinzi getini, pengine dereva wa daladala uliyopanda, na huyo wa mwisho ni suala la uhai wako. Tumezoea kucheka, kupiga picha na kurusha mtandaoni. Kwa miaka mia moja na zaidi kanda ya ziwa imelipa gharama ya kicheko hicho, kwa kupofushwa, kwa kuhamishwa, na wengine kwa mapanga. Kabla ya picha, muulize jambo dogo tu: ndugu yangu, jana ulilala saa ngapi, na nani alikuwa analinda?